Honduras 2001: Wageni walioletwa na ndege ya jeshi

Ijumaa ya tarehe 13 Julai 2001, ndege ya Jeshi la Anga la Colombia ilitua ikiwa imebeba watu wasio wanajeshi. Walikuwa wachezaji wa timu ya taifa ya Honduras, wachache, wa kuokotezwa haraka haraka, wanatosha kuanza mechi lakini si kwa kujidai. Copa América, kombe la mataifa ya Amerika Kusini, ilikuwa imeshaanza nchini Colombia tangu Jumatano. Saa chache baada ya kushuka, vijana hao walikuwa uwanjani Medellín wakicheza na Costa Rica. Wakafungwa 1-0. Siku kumi baadaye waliitoa Brazil.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama hadithi ya sungura na fisi: mdogo kamzidi mkubwa, watu wamecheka, wameenda kulala. Bao la kujifunga la Belletti, beki wa Brazil, linarushwa tena mitandaoni kila Copa América inapokaribia, basi. Kinachonisumbua mimi kiko nyuma kidogo ya bao hilo. Kwa nini Honduras walikuwa Colombia? Jibu fupi ni kwamba Argentina walikataa kwenda. Jibu refu ndilo kisa chenyewe, na kinahusu siku kumi na tatu, kuanzia tarehe 1 Julai hadi ndege ile ilipotua.

Mwenyeji mwenye kidonda

Colombia ilikuwa haijawahi kuandaa Copa América. Kubwa zaidi ya hilo, ilikuwa nchi iliyokwisha kupewa Kombe la Dunia ikalirudisha. FIFA ilikuwa imeipa fainali za 1986. Mwaka 1982 Rais Belisario Betancur akasema nchi haina fedha za kuchezea namna hiyo, na fainali zikaenda Mexico. Kwa mtu wa mpira wa Colombia, hilo ni jambo la kuambiwa utotoni na kukumbushwa uzeeni. Halafu ikaja 1994: Andrés Escobar akajifunga dhidi ya Marekani katika Kombe la Dunia, akarudi nyumbani, na tarehe 2 Julai akapigwa risasi akafa, hapo hapo Medellín. Miaka saba baadaye mji huohuo ndio uliopangiwa kundi ambalo Honduras wangeangukia.

Mwaka 2001 Rais alikuwa Andrés Pastrana. Alikuwa amewaondoa wanajeshi katika eneo la kusini lenye ukubwa wa kilomita za mraba 42,000 hivi, karibu sawa na Uswisi nzima, ili kufanya mazungumzo na waasi wa FARC. Mazungumzo yalikuwa yanasuasua. Mabomu ya kutegwa kwenye magari yalikuwa yanalipuka mijini. Mei mwaka huo Medellín na Cali zote zilipigwa. Kwa Pastrana, mashindano haya yalikuwa zaidi ya mpira. Aliyaita Kombe la Amani, na mwanasiasa akishakiita kitu kwa jina kama hilo, kukiahirisha ni kama kukiri kwamba amani yenyewe haipo.

Mwishoni mwa Juni, zikiwa zimebaki kama wiki mbili, FARC wakamteka Hernán Mejía Campuzano, makamu wa rais wa Shirikisho la Soka la Colombia. Fikiria hapo. Hakutekwa mfanyabiashara fulani wa mafuta wala mwanasiasa wa mkoani. Alitekwa mtu wa kamati inayoandaa kombe lenyewe. Alishikiliwa siku tatu, akaachiwa akiwa hai, lakini kwa kila shirikisho lililokuwa likijiandaa kupeleka vijana wake Colombia ujumbe ulikuwa umefika.

Ndiyo, hapana, ndiyo

Tarehe 1 Julai, CONMEBOL, shirikisho la soka la Amerika Kusini, likatangaza kwamba mashindano hayatachezwa. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Venezuela ikajitokeza kuwa iko tayari kuyapokea. Colombia ikapiga kelele. Wiki haikuisha, CONMEBOL likageuka: mashindano yapo, Colombia ni mwenyeji, na tarehe ni zilezile.

Hapa ndipo ninapokaa kwa muda, kwa sababu kugeuka huku ndiko kulikozaa mengine yote.

Ukipima sababu za usalama, hakuna kilichobadilika kati ya Jumapili ile na Ijumaa iliyofuata. FARC hawakuweka silaha chini. Mazungumzo hayakupiga hatua. FARC walisema hawatayagusa mashindano, na serikali ikaahidi kumwaga askari katika kila mji wenye kiwanja. Ahadi hizo zina uzito wake, lakini zingeweza kuombwa na kupimwa mwezi mmoja nyuma, kabla ya kufuta chochote. Kilichobadilika ni hesabu. Haki za matangazo zilikuwa mikononi mwa Traffic, kampuni ya Brazil iliyokuwa ikishika haki za Copa América tangu 1987. Vituo vya televisheni vilikuwa vimepanga ratiba, wadhamini walikuwa wameshalipia mabango. Kombe likihamishwa mwaka, mikataba nayo inaanza kudaiwa.

Rais wa CONMEBOL wakati huo alikuwa Nicolás Leoz wa Paraguay. Mwaka 2015 waendesha mashtaka wa Marekani walimtaja katika kesi kubwa ya hongo iliyohusu haki za matangazo ya soka, na mwenye Traffic, José Hawilla, alikiri makosa katika kesi hiyohiyo. Leoz alifariki 2019 akiwa bado Asunción, mji mkuu wa Paraguay, hajapelekwa Marekani. Sisemi kwamba uamuzi wa Julai 2001 ulinunuliwa. Sina cha kunifanya niseme hivyo. Nasema tu kwamba hii ndiyo nyumba ambamo uamuzi ulifanyika, na ndani ya nyumba hiyo mkataba wa televisheni ulikuwa na sauti kubwa kuliko daktari wa timu.

Wa kwanza kuumizwa na kugeuka huku walikuwa Canada, walioalikwa kutoka nje ya Amerika Kusini. Hawa hawakuwa wageni wa kuonewa huruma: walikuwa mabingwa wa mwaka 2000 wa Kombe la Dhahabu la CONCACAF, shirikisho la soka la Amerika Kaskazini, Kati na Karibi, na katika fainali waliifunga nani? Colombia, 2-0. Walipopata taarifa rasmi kwamba mashindano yamefutwa, walifanya ambacho shirikisho lolote lenye akili lingefanya. Wakavunja kambi, wakawaachia wachezaji. Wengine walikwisha rudi kwenye klabu zao, wengine mapumzikoni. Kisha wanaambiwa: njooni, tunacheza Jumatano. Tarehe 6 Julai wakajitoa, na nafasi yao wakapewa Costa Rica.

Canada husahaulika katika kisa hiki kwa sababu hawana bao la kuonyesha. Lakini ukitaka kujua ubaya wa uamuzi wa kubadilika-badilika, usimtazame aliyekataa kwa hofu. Mtazame aliyetii. Canada ndio walioiamini barua ya CONMEBOL, na kuamini huko ndiko kulikowanyima mashindano.

Argentina

Jumanne tarehe 10 Julai, kesho yake kipenga kilie, Chama cha Soka cha Argentina kikasema hakiendi. Sababu iliyotolewa: wachezaji wametishiwa kuuawa.

Argentina ya wakati ule ilikuwa moto. Chini ya Marcelo Bielsa ilikuwa inaongoza mechi za kufuzu Kombe la Dunia za Amerika Kusini kwa raha zake, na siku mbili tu kabla ya kujitoa, vijana wao wa chini ya miaka 20 walikuwa wametwaa ubingwa wa dunia nyumbani kwao kwa kuichapa Ghana 3-0. Hawakuwa na cha kuthibitisha Colombia. Walikuwa na wachezaji wenye mikataba minono Ulaya, na klabu ambazo zingefurahi sana kusikia wamebaki nyumbani.

Kwa hiyo, je, walikimbia vitisho au walipata kisingizio? Binafsi naona swali hilo halina faida kubwa. Mtu anayeambiwa atauawa katika nchi ambamo wiki mbili nyuma kiongozi wa soka alitekwa hahitaji kisingizio. Shirikisho halina haki ya kumtuma kijana wa watu mahali ambapo lenyewe linaona pana hatari. Ninachowalaumu Argentina ni saa waliyochagua. Kukataa tarehe 6, siku ambayo Canada walikataa, kungewapa waandaaji nafasi ya kupumua. Kukataa usiku wa kuamkia ufunguzi kulimaanisha mtu mwingine ataitwa bila kupewa hata siku ya kufikiri. Mtu huyo alikuwa Honduras.

Na hili ndilo lililonifanya niandike. Usalama wa Medellín Jumanne ulikuwa uleule wa Ijumaa. Barabara ni zilezile, hoteli ni zilezile, na aliyekuwa anatega bomu bado alikuwa na bomu lake. Mahali palipokuwa pa hatari mno kwa wachezaji wa Argentina paliitwa salama ya kutosha kwa wachezaji wa Honduras ndani ya saa sabini na mbili. Kilichobadilika ni anayeulizwa. Hadithi ya sungura na fisi hulificha jambo hili vizuri sana, kwa sababu sungura akishashinda hakuna anayeuliza nani alimtuma msituni.

Kwa nini Honduras walisema ndiyo

Afrika tuna mfano wetu, na unafaa kuwekwa hapa pembeni. Fainali za Mataifa ya Afrika za 1996 zilipangwa kufanyika Kenya, Kenya ikanyang'anywa, zikaenda Afrika Kusini. Nigeria, waliokuwa mabingwa watetezi, wakajitoa dakika za mwisho kwa sababu za kisiasa, enzi za mtawala wa kijeshi Sani Abacha. CAF ikawaendea Guinea: njooni mchukue nafasi. Guinea wakasema muda hautoshi kujiandaa. Kundi likabaki na timu tatu, Zaire ikiwamo, na mashindano yakaendelea yakiwa na pengo.

Guinea walijibu kama watu wazima. Mbona Honduras hawakujibu hivyo?

Sababu ya kwanza ni kwamba Honduras hawakuwa wamelala. Watu husema walitolewa ufukweni na taulo mabegani, kama wanavyosema juu ya Denmark walioitwa badala ya Yugoslavia wakaishia kutwaa Euro 1992. Ukweli ni kwamba Honduras walikuwa katikati ya mechi za mwisho za kufuzu Kombe la Dunia kwa kanda ya CONCACAF. Tarehe 20 Juni, wiki tatu tu nyuma, walikuwa wameifunga Mexico 3-1 mjini San Pedro Sula, na kipigo hicho kikamng'oa kocha wa Mexico, Enrique Meza. Nafasi yake akachukua Javier Aguirre. Kocha wao mwenyewe, Ramón Maradiaga, alikuwa na timu inayojuana, miguu bado ina joto la ushindani. Kilichokosekana kilikuwa kambi na idadi, wala si mpira.

Sababu ya pili ni kwamba walikuwa na kila kitu cha kupata. Mechi tatu ngumu za bure katikati ya kampeni ya kufuzu, tena dhidi ya Uruguay. Jukwaa la kuonekana kwa kiungo kama Amado Guevara. Wakifungwa tano tano, nani angewacheka? Waliitwa juzi.

Ya tatu haipendezi kuandikwa, lakini ipo. Nchi ndogo inapoitwa na wakubwa huwa haiulizi sana. Mwaliko wenyewe ni heshima, na atakayeukataa leo huenda asiitwe kesho. Ndiyo maana ndege ya jeshi ilitumwa kuwachukua: ilikuwa njia ya haraka ya kuwafikisha, na pia njia ya kuwaambia kwamba serikali ya Colombia yenyewe imewabeba. Ukipanda ndege ya kijeshi kwenda kucheza mpira unajua fika kwamba safari hii si ya kawaida.

Uwanjani

Mechi ya kwanza ilikwenda kama ilivyotarajiwa, isipokuwa kwamba walifungwa moja tu. Costa Rica, yule mwingine aliyeokotwa njiani, alikuwa na Paulo Wanchope aliyekuja kumaliza mashindano na mabao matano. Mechi ya pili Honduras wakaichapa Bolivia 2-0. Ya tatu wakaifunga Uruguay 1-0. Mabao yote matatu ya Guevara.

Kundi likaisha hivi: Costa Rica pointi 7, Honduras 6, Uruguay 4, Bolivia sifuri. Timu mbili zilizoitwa kuziba mapengo zilikaa juu ya timu mbili zilizokuwa na haki ya kuzaliwa nayo ya kuwapo pale. Uruguay walipenya kama mmoja wa washindwa bora.

Robo fainali: tarehe 23 Julai, Jumatatu, uwanja wa Palogrande mjini Manizales, mita 2,150 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni mji wa kahawa, uliopandishwa juu ya mgongo wa mlima. Brazil.

Lazima tuwe wakweli kuhusu Brazil ile. Luiz Felipe Scolari alikuwa amekabidhiwa timu Juni, na mechi yake ya kwanza ya kufuzu Kombe la Dunia alifungwa na Uruguay 1-0 huko Montevideo. Rivaldo na Ronaldo hawakuwapo. Kikosi kilichokwenda Colombia kilikuwa cha kutafutia watu. Katika makundi walifungwa na Mexico, bao la Jared Borgetti, kisha wakazifunga Peru na Paraguay. Haikuwa Brazil bora. Lakini Denílson alikuwamo, na jezi ilikuwa ileile, na ukikutana na jezi ile katika kiwanja cha watu hukumbuki kwamba Rivaldo hayupo.

Kipindi cha kwanza hakuna bao. Dakika ya 57 mpira uliomgonga beki wa kulia, Juliano Belletti, ukaingia katika lango la kwao. Mashabiki wa Arsenal wanaosoma hapa watakuwa wamekunja uso. Ndiyo, ni huyohuyo. Miaka mitano baadaye, Paris, akaingia kama mchezaji wa akiba akaifungia Barcelona bao la pili, na kombe la Ulaya likawapita Arsenal. Mpira una watu wake wa namna hii, ambao wakati mwingine unawatumia upande huu na wakati mwingine upande ule.

Baada ya bao hilo Brazil walikuwa na zaidi ya nusu saa ya kurekebisha mambo. Hawakurekebisha. Katika dakika za nyongeza, Brazil wakitafuta la kusawazisha, Saúl Martínez akafunga la pili. Ikaisha 2-0. Scolari hakujificha, aliwaambia waandishi kwamba ataingia katika historia kama kocha wa Brazil aliyefungwa na Honduras, na kwamba ni jambo la kutisha.

Waswahili tuna msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Manizales usiku ule ulitimia kwa namna ambayo waandaaji hawakuiomba. Kwa wiki tatu habari zote za mashindano zilikuwa za kutekwa, kufutwa, kutishwa na kujitoa. Sasa kulikuwa na habari nyingine ya kuandika. Honduras walikuwa wamewaponya wenyeji wao kwa kuwafanya watu wauzungumzie mpira.

Wenyeji wakapanda mlima

Colombia, kwa upande wake, ilikuwa ikifanya kazi yake kimyakimya. Francisco Maturana, aliyesomea udaktari wa meno kabla ya kuwa kocha, alikuwa amerejeshwa kuiongoza timu iliyokuwa ikichechemea katika mechi za kufuzu. Walianzia Barranquilla, kwenye joto la pwani: Venezuela 2-0, Ecuador 1-0, Chile 2-0. Wakapanda hadi Armenia, mji uliokuwa bado unajijenga baada ya tetemeko la Januari 1999 lililoua watu zaidi ya elfu moja, wakaifunga Peru 3-0. Wakapanda tena hadi Manizales kuwakuta Honduras.

Nusu fainali haikuwa na hadithi ndefu. Dakika ya sita Gerardo Bedoya akafunga. (Huyu ndiye Bedoya aliyekuja kustaafu akiwa na kadi nyekundu 46, rekodi ambayo sidhani kuna anayeitamani.) Víctor Aristizábal akaongeza la pili kipindi cha pili, na hilo likawa moja ya mabao sita yaliyompa ufungaji bora. Honduras walikuwa wamecheza mechi nne ndani ya siku kumi na kikosi cha kuhesabu vidole, na ilionekana.

Fainali ilipigwa Jumapili tarehe 29 Julai, El Campín, Bogotá, mita 2,600 juu. Siku hiyohiyo Honduras walitoka 2-2 na Uruguay wakashinda kwa matuta 5-4, wakachukua nafasi ya tatu. Kisha Colombia na Mexico. Dakika ya 65 Iván López akapiga mpira wa adhabu, na katikati ya msitu wa watu akapaa Iván Córdoba, beki wa Inter Milan ambaye kwa urefu hafiki hata sentimita 175. Kichwa, nyavu, 1-0. Mexico walimaliza wakiwa pungufu. Colombia ikawa bingwa kwa mara ya kwanza, na mpaka leo ndiyo mara pekee: mechi sita, ushindi sita, mabao 11, na kipa Óscar Córdoba hakuokota mpira hata mmoja nyavuni. Mchezaji bora wa mashindano alitajwa kuwa Amado Guevara.

Hakuna timu iliyoshambuliwa. Hakuna mchezaji aliyetekwa.

Je, basi waandaaji walikuwa sahihi?

Hapa huwa nabishana na watu. Wanasema: si umeona, mambo yalikwenda salama, Argentina walikuwa waoga, Pastrana alikuwa sahihi. Mimi hujibu kwa boti. Boti ikipakia watu kupita kiasi Dar es Salaam na ikafika Unguja salama, abiria watamshukuru Mungu na nahodha atatia hela mfukoni, lakini kufika salama hakujamfanya nahodha awe alipakia vizuri. Mwenye kuchambua uamuzi anatazama kilichokuwa kinajulikana wakati wa kung'oa nanga.

Kilichokuwa kinajulikana ni hiki. Waasi wana uwezo wa kumfikia kiongozi wa shirikisho. Ahadi yao ya kutogusa mashindano haina wa kuidhamini. Mwenyeji ana sababu za kisiasa za kusema kila kitu ni shwari, na CONMEBOL ina sababu za kifedha za kumwamini. Katika mazingira hayo uamuzi wa kuahirisha ulikuwa unateteeka, na uamuzi wa kuendelea nao ulikuwa unateteeka, kama tu ungefanywa mapema, kwa kushauriana na timu zote na kuruhusu atakayejitoa ajitoe bila lawama. Usioteteeka ni ule wa kufuta, kufufua, na kuokoteza. Huo uliwatoa Canada kwa kosa la kutii, ukawapa Argentina njia ya kuchelewa, na ukawaleta Honduras bila kuwapa muda wa kupima wanachokwenda kukutana nacho.

Na ni tabia, haikuwa ajali. Miaka 20 baadaye, tarehe 20 Mei 2021, Colombia ilivuliwa uenyeji wa Copa América kwa sababu ya maandamano mitaani. Siku kumi baadaye Argentina, mwenyeji mwenza, nayo ikavuliwa kwa sababu ya korona. Kesho yake ikatangazwa Brazil, nchi iliyokuwa ikizika watu kwa maelfu kila wiki kwa ugonjwa huohuo, na mpira ukaanza kupigwa tarehe 13 Juni. Waliokuwa ofisini ni wengine kabisa, Leoz alikuwa ameshakufa. Ratiba ya televisheni ndiyo ilikuwa bado hai.

Mtetezi wa CONMEBOL ana hoja moja ambayo siwezi kuitupa. Kwa Wacolombia wa kawaida, Julai ile ilikuwa kitu. Barabara za El Campín zilijaa watu usiku wa tarehe 29 bila hofu, katika mji ambao miezi miwili nyuma ulikuwa unahesabu milipuko. Mtu aliyeishi hapo ana haki ya kuniambia mimi, niliye mbali, kwamba furaha ile ilikuwa na thamani kuliko tahadhari yangu. Sibishani naye. Nabishana na aliyeketi mezani Asunción, ambaye furaha ile haikuwa kwenye hesabu zake.

Baada ya hapo

Pastrana alivunja mazungumzo na FARC tarehe 20 Februari 2002. Makubaliano ya amani yalikuja 2016, chini ya rais mwingine.

Honduras waliondoka Bogotá wakiamini mwaka ni wao. Tarehe 1 Septemba waliifunga Marekani 3-2 nyumbani kwao Washington. Oktoba, wakicheza na Trinidad na Tobago waliokuwa mkiani, wakafungwa 1-0 San Pedro Sula. Tarehe 11 Novemba wakaenda Mexico kucheza na timu ya Aguirre, ambaye kipigo chao cha Juni ndicho kilichompa kazi. Wakapigwa 3-0, Mexico wakafuzu, Honduras wakabaki.

Siku tatu baadaye Colombia ilicheza mechi yake ya mwisho ya kufuzu, ugenini Asunción, na ikaifunga Paraguay 4-0. Ilimaliza na pointi 27. Uruguay, waliotoka sare 1-1 na Argentina siku hiyo, nao walikuwa na 27. Tofauti ya mabao ya Uruguay ilikuwa 6, ya Colombia 5. Bingwa wa Amerika Kusini akabaki nyumbani kwa bao moja.

Kwa hiyo Kombe la Dunia la 2002, bingwa wa Copa América na mshindi wake wa tatu walilitazama kwenye televisheni. Brazil walikwenda. Scolari alikuwa na Ronaldo na Rivaldo safari hii, na tarehe 30 Juni mjini Yokohama waliifunga Ujerumani 2-0. Kwenye picha ya kombe, miongoni mwa wachezaji 23 waliovaa medali, yumo Belletti.